Mama Potli wa Gikomba

Harufu ya robota la mitumba linapofunguliwa haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Kuna dawa ya kufukuza nondo, kuna vumbi, kuna jasho la watu wa mbali lililokauka zamani, na chini ya hayo yote kuna sufu iliyobanwa miezi mingi ikipata hewa kwa mara ya kwanza. Juzi nilikuwa nikipita mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, nimetoka kumwona mgonjwa, nikamkuta mama mmoja akikata kamba za robota mbele ya kibanda chake. Nikasimama. Alidhani nataka kununua, akaniambia nikaribie nichague mapema. Sikutaka kitu. Nilikuwa nimesimama tu, mwanamke mzima mwenye mvi, nikingoja sauti ya Senge iniambie niingize mkono.

Senge ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu magharibi. Wangu aliitwa Rispa, dada mkubwa wa baba. Mama yangu alipofariki nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sukari, na hakujua la kufanya na mtoto wa kike. Akanileta Nairobi na sanduku la bati, akakaa siku mbili, akarudi. Senge hakuwa na mtoto. Alikuwa na chumba kimoja mtaani Shauri Moyo kilichogawanywa na pazia la maua, na kibanda cha makoti ya wanaume katika soko la Gikomba. Na alikuwa na mwili.

Nataka niueleze mwili huo kama nilivyouona wakati ule, kabla dunia haijanifundisha kuuonea aibu. Senge alikuwa mpana wa mabega na mpana zaidi wa kiuno, mikono yake imejaa na kung'aa kwa mafuta aliyojipaka asubuhi. Akikaa kitandani, upande wangu uliinuka nami nikateleza hadi ubavuni mwake, na hapo ndipo nilipopata usingizi bila kulia kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama. Hakuwa na haraka ya kitu. Alitembea akiweka mguu mmoja, akaridhika nao, ndipo akainua mwingine. Shingo yake ilisimama wima hata alipokuwa na furushi la makoti kichwani. Watoto wa ploti, zile nyumba za kupanga tulizoishi, wakati mwingine walimwita kibonge akipita bombani. Aliwajibu bila kugeuka, "Na wewe ukikula utakuwa." Mimi nilidhani hilo ni baraka anawatakia.

Wewe uliyekulia upande ule wa mji unakumbuka Jumamosi za Gikomba zilivyokuwa. Nyundo za maseremala, matope, wauzaji wakiimba bei. Senge hakuimba. Aliketi juu ya robota ambalo halijafunguliwa na kungoja, na watu walimjia. Alikuwa na jicho. Mwanamume akiwa bado hatua kumi mbali, Senge alikuwa amekwisha kunong'ona, "Huyu ni arobaini na mbili, lakini mkono mfupi." Kisha alinyoosha mkono nyuma bila kutazama na kutoa koti, nalo lilimkaa mtu yule kama alishonewa.

Makoti yalikuja na vitambaa vidogo ndani ya mfuko wa kifuani, vimeandikwa namba na maneno. Namba Senge alizijua zote. Maneno hakuyajua, kwa sababu hakusoma zaidi ya kuandika jina lake. Kulikuwa na makoti fulani makubwa, yenye kitambaa kizito na bitana inayoteleza, ambayo alikuwa akiyaweka kando na kuyafunika gazeti. Hayakuwa ya vijana. Walioyachukua ni wazee wa kanisa, walimu wakuu, karani wa chifu, wanaume ambao wakija kibandani majirani walisogeza viti. Siku moja Senge aligeuza mfuko wa ndani wa mojawapo akanionyesha.

"Hii namba naijua. Hii neno iko chini yake ni nini? Iko kwa hizi kubwa zote."

Nilikuwa darasa la nne. Nikasoma polepole: Portly.

"Potli," akarudia. "Maana yake?"

Sikujua. Lakini uelewe jinsi mambo yalivyokuwa. Mimi ndiye niliyekuwa shuleni. Sare yangu, vitabu vyangu, viatu nilivyovimaliza kila muhula, vyote vilitoka kwenye mgongo wake, na majirani alikuwa akiwaambia, "Huyu wangu anajua Kizungu kama maji." Kusema sijui kulionekana kwangu kama kumnyima kitu alichokwisha kununua. Nikalitazama lile koti. Nikawafikiria wanaume waliokuwa wakilivaa, jinsi walivyosimama mbele ya kioo chetu kilichopasuka wakivuta pumzi, jinsi Senge alivyowafunga vifungo kwa adabu.

"Ni mheshimiwa," nikasema. "Mtu wa kuheshimiwa."

Senge aliitikia kwa kichwa taratibu, akakunja mfuko. "Wazungu wako na akili," akasema. "Wanaandika heshima ya mtu ndani, mahali haionekani."

Tangu hapo neno likawa lake. Mteja mkubwa akikaribia, Senge aliinuka kwenye robota lake na kusema, "Karibu, potli wangu. Nimekuwekea." Na mwanamume yule, hata kama alikuwa hajui ameitwaje, alijua kwa namna ya sauti yake kwamba ameitwa jina zuri, akanyoosha mgongo. Muda haukuwa mrefu, safu nzima ya vibanda ikalichukua. Mama Njeri, jirani yetu aliyeuza suruali, alikuwa akituma watu: "Nenda kwa Mama Potli, yeye ndiye anauza za waheshimiwa." Wabeba mizigo wakaanza kumwita hivyo, na wauza chai, na mwisho hata watoto wa ploti waliacha lile la kibonge. Mama Potli. Senge aliitika kila mara kana kwamba ndilo alilobatizwa nalo, na mimi nilitembea nyuma yake nikijua kwamba ni mimi niliyempa.

Mmoja wa wateja hao alikuwa mwalimu wangu wa Kiingereza. Nitamwita Mwalimu Gitonga. Alikuwa mtu mzito mwenye tumbo lililotangulia darasani kabla yake, sauti ya chini, na chaki kila wakati kwenye mkono wa koti. Alikuja Jumamosi moja nikiwa nimeingia darasa la tano, na Senge akasimama. "Karibu, Mwalimu. Wewe ni potli hata kabla hujavaa." Alimtazama Senge, akanitazama mimi, kisha akainamisha kichwa. "Asante sana, mama," akasema, akanyoosha mikono avalishwe.

Wiki chache baadaye, darasani, tulisoma hadithi ya mwenye duka katika kitabu cha mazoezi, na neno likatokea. Lilikuwa katikati ya ukurasa. Nilihisi kama nimemkuta jamaa yangu ugenini. Kabla sijainua mkono kueleza, mvulana wa mbele aliuliza maana yake.

"Ni mtu mnene," Mwalimu akasema. "Hasa mtu wa makamo, mwenye tumbo. Kama mimi hivi." Akajipigapiga. Darasa likacheka, na yeye akacheka nalo. Halafu macho yake yakaja hadi dawati langu yakatulia pale. Nilijua nimekwisha. Niliamini anakumbuka siku ile kibandani, kwamba alitukanwa na mwanamke asiyesoma kwa neno nililomfundisha mimi, na kwamba anangoja tu siku ya kuniita mbele.

Hakuniita. Nilingoja juma hilo na juma lililofuata, na kungoja huko kukawa adhabu. Nyumbani nilishindwa kumtazama Senge machoni. Nilijiambia nitamwambia kesho. Lakini alikuwa na furaha nalo mno, na mimi nilikuwa mwoga, na kesho ile iliendelea kusogea.

Aliyemwambia alikuwa mtu mwingine. Ilikuwa Jumamosi mchana, soko limejaa, wakaja vijana wawili wa ofisini, tai shingoni. Mmoja alikuwa ameanza kunenepa, shati limemkaza vifungoni. Senge aliinuka.

"Karibu, potli wangu. Yako iko hapa."

Kijana akasimama. "Umeniitaje?"

"Potli."

Akamgeukia mwenzake, wakaangaliana, wakaanza kucheka. "Mathe, nani alikudanganya hiyo ni sifa?" akasema, na sasa alikuwa amepandisha sauti ili safu nzima isikie. "Hiyo ni English ya kuambia mtu ako na kitambi. Ni mnene. Yaani hapa kama kuna potli, ni wewe."

Kicheko kilianza kwa wauza chai kikapanda safu nzima. Mama Njeri alicheka hadi akajifuta macho kwa leso, na simlaumu sana, maana lilikuwa jambo la kuchekesha kwa yeyote ambaye halikumhusu. Watu waliokuwa wakimwita Mama Potli mwaka mzima walikuwa sasa wanalisikia upya, wanaliangalia na kumwangalia yeye. Senge alibaki amesimama na koti mkononi. Uso wake haukubadilika, ila nilimwona akivuta leso yake ya kiunoni, kama mtu anayejifunika.

"Kumbe," akasema. Kisha akamvalisha kijana yule lile koti, akamfunga kifungo cha kati, akamgeuza kwenye kioo. Lilimkaa sawasawa. "Lakini inakutosha?"

"Inanitosha," kijana akasema, sauti imepungua.

"Basi."

Jioni tulirudi Shauri Moyo. Senge alisonga ugali, tukala na mboga ya mrenda, akaosha mikono, akakaa kitandani. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, mbali.

"Nekesa. Ulijua?"

"Mwanzo sikujua. Nilijua shuleni. Wiki tatu sasa."

"Na kwa nini ulisema ni mheshimiwa?"

"Niliona wale wanaovaa."

Nilitaka anichape. Ningechapwa lingekwisha. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo likaniumiza zaidi.

"Mimi najua niko mnene. Nilijua kabla wewe uzaliwe. Sihitaji Kizungu kuniambia. Lakini umeniacha niambie wazee wa watu hivyo, mchana, mbele ya wake zao. Mzee Zakayo. Karani. Mwalimu wako, anayekufunza. Wiki tatu, mtoto wangu." Akainuka, akavuta pazia. "Kesho tutawaendea. Wewe ndiye utasema."

Nimewaona watu wengi wakiaibishwa tangu siku hiyo. Wengi hutafuta wa kumrudishia. Senge, usiku ule, hakuwaza yule kijana hata kidogo. Aliwaza wale ambao huenda aliwaumiza yeye.

Baada ya ibada alivaa leso yake nyeupe, akanishika mkono, tukaanza. Mzee Zakayo, mzee wa kanisa letu, alikuwa akinywa chai mlangoni. Nilisema nilivyoagizwa: neno lile maana yake ni mnene, nilidanganya, Senge hakujua, tunaomba msamaha. Mzee akakuna kidevu. "Mimi nimekuwa nikiwaita wazee wenzangu hivyo kikaoni," akasema. "Hakuna aliyekataa." Akatuletea vikombe. Kwa karani wa chifu haikuwa hivyo. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema alishangaa tangu mwanzo mwanamke wa sokoni anajuaje Kiingereza, akafunga mlango tukiwa bado hapo. Senge alisimama mbele ya mlango ule uliofungwa kwa muda kidogo. "Huyo amesikia," akasema. "Twende."

Mwalimu Gitonga tulimwendea shuleni Jumatatu asubuhi. Viti vya ofisi ya walimu vilikuwa vyembamba, vya mikono ya chuma, na Mwalimu aliposema, "Kaa, mama," Senge alikitazama kiti na kubaki amesimama, akisema hajachoka. Mwalimu naye akakitazama kile kiti. Alitoka nje, tukasikia akikokota kitu barazani, akarudi na benchi la wanafunzi. Akaliweka ukutani, akaketi mwisho mmoja, akangoja. Senge akaketi mwisho wa pili. Benchi lililia kidogo likatulia.

Nikasema maneno yangu kwa mara ya tatu.

"Nililijua hilo neno siku uliyoniita," Mwalimu alimwambia Senge. "Nimelifundisha miaka mingi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, leo nimeitwa mnene na mama mmoja sokoni, na sijawahi kujisikia vizuri hivyo. Jinsi ulivyolitamka, mama, nilisimama wima mwenyewe. Nikajiuliza, huyu analijua kwa njia gani?"

Akainuka akaenda kwenye kabati, akatoa kamusi kubwa iliyong'oka jalada, akaifungua magotini. Alituliza kidole. "Hapa ndipo wanaposema ni mtu mnene, wa makamo. Ni kweli. Sasa soma hapa chini, Nekesa. Hapa penye herufi ndogo, wanapoeleza ya zamani."

Nikasoma. Kulikuwa na neno nisilolifahamu. "Hili silijui," nikasema.

"Vizuri. Ni mwenye fahari. Zamani, kabla halijawa la wanene, neno hili lilikuwa la mtu mwenye haiba, namna anavyojibeba, anavyosimama na kutembea. Akipita, watu wanajua kuna mtu amepita."

Senge aliutazama ule ukurasa ambao hakuweza kuusoma. Aliweka kidole chake palipokuwa kidole cha Mwalimu. "Imeandikwa hapa?"

"Imeandikwa hapo."

"Kwa hivyo huyu mtoto hakudanganya."

"Alidanganya," Mwalimu akasema. "Ni bahati yake tu kwamba alidanganya vizuri." Akanigeukia, na nikaona kwamba yale macho yaliyonitisha wiki tatu hayakuwa na hasira, hayajawahi kuwa nayo. Aliniambia nitafagia ofisi ya walimu hadi Ijumaa, nami nilifagia kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tena katika kazi yoyote ya kufagia.

Jumamosi iliyofuata niliogopa kwenda sokoni kuliko nilivyoogopa ofisi ya Mwalimu. Hakuna mtu kule aliyekuwa amesoma ile kamusi. Safu ilikuwa imebadilika namna ya kutusalimu. Wengine walisema "Mama Nekesa," wengine "Rispa," kwa uangalifu ule wa watu wanaokwepa shimo. Mama Njeri alileta chai bila kuombwa, na hakutuangalia usoni. Senge alipokea, akanywa, akapanga makoti yake. Sikujua anafikiria nini. Alikuwa amekuwa kimya juma zima kuhusu jambo lile, ila mara mbili nilimkuta amesimama mbele ya kioo, amenyoosha shingo, akijitazama kwa upande.

Karibu saa sita tulienda kuchukua robota jipya. Njia ilikuwa nyembamba, imejaa, na Senge alikuwa mbele yangu akitembea mwendo wake. Nyuma yetu alitokea kijana wa mkokoteni, mzigo umempita kichwa, jasho linamtiririka. Alipiga mluzi, hakuna aliyesogea, ndipo kwa mazoea ya mwaka mzima akaita, "Mama Potli, nipishe."

Pande zote mbili watu waliacha walichokuwa wakifanya. Kijana mwenyewe alikumbuka alichosema, nikamwona akishika mti wa mkokoteni kwa nguvu. "Pole, mathe," akasema. "Ilinitoka tu. Sikumaanisha vibaya."

Senge alisimama. Akageuka polepole, mwili wote pamoja, hadi akamtazama yule kijana uso kwa uso, na njia nzima ikawa imefungwa naye.

"Umeniitaje?"

"Mama Potli," akasema, chini chini.

"Sema kwa sauti," Senge akamwambia. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Akalisema, safari hii kwa sauti iliyofika hadi kwa maseremala. Senge akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameitika, akageuka, akaendelea na safari yake katikati ya njia, mguu mmoja, kisha mwingine, na watu wakasogea ukutani kumpisha. Mkokoteni ukamfuata nyuma, nami nyuma ya mkokoteni, na hakuna hata mmoja wetu aliyemharakisha.